Ilikuwa Muzuri Sana, Mama

Tangu nianze kuendesha studio ya ngoma na maigizo hapa Kindu, hakuna kilichonisaidia kidogo kuliko sifa. Mchezo unaisha, watu wanasimama, wanajipangusa vumbi la benchi, wanakuja kunishika mkono. "Ilikuwa muzuri sana, Mama Mwalimu." "Batoto bako banajua kucheza." Wanapita mmoja mmoja, hata yule niliyemwona kwa macho yangu akisinzia tangu sehemu ya pili. Ninawashukuru, ninawauliza habari za nyumbani, na moyoni najua kwamba maoni yenyewe bado hayajafika. Yatafika keshokutwa, yakipitia kwa muuza mikate, kwa motari wa pikipiki, kwa shemeji wa mpiga ngoma wangu mmoja, na kila aliyeyabeba atakuwa ameyaongezea chumvi.

Sisemi kwamba ni wanafiki. Kwetu, kumkosoa mtu mbele ya wageni wake ni kumvunjia heshima, na mwenye adabu huliacha neno zito lipoe kwanza, kisha hulituma kwa mtu wa kati. Kwa mambo ya ndoa na mashamba utaratibu huo una hekima yake. Kwa studio ni hasara. Neno linapofika, mchezo umekwisha kuonyeshwa mara ya pili na kasoro yake ileile, au mtoto amekwisha kuacha kuja, nami nimebaki nahesabu ada zilizopungua bila kujua sababu.

Wengi wamenishauri niwe na moyo mgumu. Kila semina ya wasanii niliyohudhuria, iwe imeletwa na watu wa Kinshasa au wa Goma, haikosi mtu wa kusimama na kusema kwamba msanii asijali maneno ya watu. Ushauri huo sijaupenda hata siku moja. Mwenye moyo mgumu atalala usingizi mzuri, lakini kazi yake itabaki palepale. Maneno makali hayajanishinda. Yaliyonishinda ni yale yasiyofika. Kwa hiyo nguvu zangu nyingi zimekwenda kwenye kutafuta maoni ya kweli yanakaa wapi, na kuyafuata huko kabla hayajageuka uvumi.

Studio yenyewe ni ua nyuma ya nyumba, katika komini ya Kasuku: paa la mabati juu ya nguzo, sakafu ya saruji iliyopasuka upande wa mlango, na chumba kidogo cha kufungia ngoma. Taa ni za sola. Siku ya mchezo tunakodi jenereta. Watoto wanatoka kila upande, wa wafanyakazi wa reli, wa wachuuzi wa mchele na mawese, wa walimu ambao mishahara yao wenyewe inachelewa. Wamo Wakusu, Walega, Wasongola, Wabangubangu. Wamo Waislamu na Wakristo, na baadhi wanavuka mto Lualaba kwa mtumbwi kutoka komini ya Alunguli. Katika mji wa namna hii, neno moja kuhusu studio linaweza kusomwa kwa njia nyingi, na aghalabu husomwa kwa ile njia mbaya zaidi.

Kulikuwa na baba mmoja wa komini ya Mikelenge aliyekuja siku moja kumchukua binti yake. Alikaa mwisho wa benchi, kofia yake ya kufuma juu ya goti, akaangalia mazoezi yote bila kutikisa mguu, hata pale ngoma ilipochanganya na kila aliyekuwepo alikuwa akipiga makofi. Akaniaga vizuri. Wiki iliyofuata binti hakuonekana. Maelezo nikayapata mengi kuliko niliyohitaji: kwamba msikitini wamekataza, kwamba shangazi wa mtoto anasema tunafundisha wasichana kuzungusha viuno kama watu wa Kinshasa, kwamba sisi Wakristo tuna nia yetu. Mwalimu wangu wa uimbaji alikwisha kuanza kuandika barua kwa shehe, ya kueleza kwamba ngoma hizi ni za mababu.

Nikamwomba aiweke kalamu chini. Nilimchukua mama mmoja mtu mzima wa mtaa wetu, tukaenda nyumbani kwa baba yule mchana, tukakaribishwa mkekani, tukaletewa karanga. Tulizungumza habari za treni ya kusini iliyokuwa imekwama tena, tukazungumza bei ya mchele, tukazungumza marehemu wa jirani. Karanga zilipokaribia kwisha ndipo akasema, "Mama, ngoma hata mama yangu alicheza. Lakini saa moja ya usiku mutoto wa mwanamuke anapita pale kwenye mtaro, mvua inanyesha, taa hakuna. Sasa nikupigie simu nikuambie nini?"

Basi. Mtaro na saa. Tulisogeza mazoezi ya wadogo yaanze saa tisa, ili saa kumi na moja kila mtoto awe njiani kungali na mwanga. Binti alirudi, na pamoja naye wakarudi wengine ambao kuondoka kwao tulikuwa tumekupa sababu nyingine kabisa. Nilichokiona pale nimekiona mara nyingi baadaye: uvumi hupenda kuvaa ugomvi ambao mji unao tayari. Dini, kabila, tabia za wasichana, hayo yanasimulika vizuri sokoni. Mtaro usiokuwa na taa hausimuliki. Kwa hiyo kila ninapoletewa shutuma kubwa, ya kimila au ya kidini, kwanza ninatafuta kama nyuma yake hakuna jambo dogo la saa, la nauli, la choo, la mtoto aliyechekwa na wenzake. Mara nyingi lipo.

Swali la "mmeonaje?" nimeliacha. Jibu lake ni moja tu, na nimekwisha kulitaja hapo juu. Siku hizi ninauliza vitu vidogo ambavyo mtu anaweza kuvijibu bila kujiona amenitukana: wapi ulichoka? Nani hukumsikia maneno yake? Kama usiku ungekuwa umeingia, ungetuambia tukate sehemu gani? Mtu aliyesema "muzuri sana" dakika mbili zilizopita atakuambia, bila kusita, kwamba yule mzee wa kwenye mchezo anazungumza na ukuta. Watoto nao ukiwaambia wakuigizie mchezo waliouona, watakuigizia vipande vilivyowaingia tu, vilivyobaki vimekufa.

Lakini shahidi wangu mkuu ni mama anayeuza karanga na maji ya mifuko mlangoni. Yeye hauangalii mchezo. Anaangalia watu. Baada ya kila onyesho ninakaa naye anapohesabu faranga zake, ninamwuliza aliuza lini. "Wakati wa wimbo wa wajane niliuza sana," aliniambia usiku mmoja, kwa furaha ya mfanyabiashara, na mimi nikajua wimbo wa wajane una beti mbili za ziada. Watu wakivutwa na mchezo hawakumbuki njaa. Nimepewa maoni na watu wenye digrii ambayo hayakuwa na usahihi wa beseni lile la karanga.

Maoni bora niliyowahi kupewa yalionyeshwa kwa mikono. Tulikuwa tumevuka kwenda Alunguli na mchezo wa mjane aliyenyang'anywa nyavu na mtumbwi na shemeji zake. Ulikuwa mchezo wa aina ile ambayo mtazamaji anaruhusiwa kuusimamisha na kuingia mwenyewe. Mbrazili Augusto Boal alianza kuueneza mtindo huo miaka ya 1970, na kwetu Kongo ya mashariki mashirika kama Search for Common Ground yaliutumia sana baada ya vita, kuzungumzia mashamba na maisha ya watu waliorudi makwao. Ni mtindo mzuri, ingawa nimeona mahali pengi watazamaji wakiusimamisha mchezo ili kusema yale wanayodhani mfadhili anapenda kuyasikia.

Alunguli hawakuwa na habari na mfadhili. Katikati ya sehemu ya kwanza, kijana wetu akiwa ndani ya mtumbwi wa kuigiza, mama mmoja muuza samaki, Mgenya wa pale ukingoni, akanyoosha mkono. "Simameni kwanza. Huyu hajavua hata siku moja. Anashika kafi kama mwiko wa bugali."

Watu walicheka hadi jenereta halikusikika. Kijana akawa anatafuta mahali pa kuweka uso. Mama hakucheka. Alipanda, akakaza kitenge kiunoni, akalichukua lile kafi. Kiganja cha juu, akaonyesha, kinafunika kichwa cha mpini. Mkono wa chini unaongoza tu, haukabi. Nguvu inatoka mguu wa nyuma, inapanda mgongoni, na maji yanavutwa, hayapigwi. Alimrudisha mara kwa mara, akimgonga bega pale alipolikaza, hadi kijana akaanza kutoka jasho. Ndipo akamwambia, "Sasa sema maneno yako."

Kijana akasema maneno yake, na sauti ilikuwa nyingine. Mstari aliokuwa akiupigia kelele kila siku ulitoka vipande vipande, katikati ya pumzi, kama mtu anayefikiri huku anafanya kazi. Mwalimu wa maigizo na mimi tulikuwa tumehangaika na sauti ile muda mrefu, tukimwambia apunguze, aongeze, apumzike. Dawa ilikuwa mkononi, wala haikuwa kooni.

Mama yule yule, kabla hajashuka, alitoa neno la pili: kwamba mjane wetu anasamehe upesi mno, na mchezo ungeisha kwa shemeji kufukuzwa kijijini. Hilo tulilijadili siku kadhaa, tukaliacha. Mjane wetu alikuwa na watoto ambao shemeji ni baba yao mdogo, na tulitaka watu warudi nyumbani na shida hiyo mikononi. Nasimulia hili kwa sababu wenye studio wengi ninaowafahamu wana tabia moja kati ya mbili: mkosoaji akipatia jambo moja wanamkabidhi kila kitu, au akikosea moja wanamfungia mlango. Kuhusu kafi yule mama alikuwa na mamlaka kamili. Kuhusu mwisho wa hadithi alikuwa mtazamaji kama wengine, na sauti moja kama wengine.

Kuna maoni mengine ambayo kwangu ni bei tu. Mkubwa akishuka kutoka Kinshasa, vikundi vya ngoma huitwa uwanja wa ndege, husimama juani saa nyingi, na ndege ikigusa ardhi ngoma hulia. Kazi hiyo tunaifanya, inalipa mabati. Mara moja, mtu aliyekuwa akiandaa mapokezi alinivuta pembeni kunilalamikia kwamba wimbo umetaja Maniema, mkoa wetu, mara nyingi na jina la mgeni mara moja tu, na kwa kasoro hiyo akakata nusu ya malipo. Vijana wangu walikasirika. Wacheza ngoma wakubwa wa umri walicheka tu.

Wao walikwisha kuyaona. Enzi za Zaire, miaka ya 1970 na 1980, animasyo ilikuwa kila mahali. Shule zilikuwa na vikundi, maofisi yalikuwa na vikundi, makampuni pia, vyote vikiimba na kucheza kwa ajili ya Mobutu na MPR, chama ambacho kila Mzaire alihesabiwa mwanachama tangu kuzaliwa. Kwa ufundi, lilikuwa jambo kubwa; sehemu nzuri ya nidhamu tunayofundisha leo ilitoka humo. Mama aliyenifundisha hatua zangu za kwanza alikuwa bingwa wa wakati huo, alijua kunyoosha mstari mrefu wa watu kwa filimbi moja. Lakini sikumsikia hata siku moja akisema kwamba wimbo fulani haufai. Angesemaje? Wimbo ulikuwa wa Kiongozi. Kizazi kizima cha wasanii kilijifunza kwamba baada ya ngoma kuna makofi tu, na nadhani "ilikuwa muzuri sana" ya Kindu imechota nguvu huko pia, mbali na adabu za mababu.

Siku hizi kazi za uwanja wa ndege tunaziandikia karatasi: saa ngapi, nyimbo ngapi, jina litatajwa mara ngapi, nusu ya malipo kabla. Akitaka kutajwa mara ishirini, bei ipo. Hayo hayaingii kwenye daftari letu la maoni.

Redio nayo niitaje kwa ufupi. Mtangazaji mmoja alitumia kipindi kizima kutucheka: kwamba tunakula pesa za wazazi, kwamba wachezaji wetu ni wazito, kwamba mimi mwenyewe kucheza kulinishinda ndipo nikafungua studio. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kutunga wimbo wa kumjibu, na ulikuwa mtamu kwelikweli, mipasho ya kuweza kumhamisha mtu mtaa. Niliuzuia. Katika yote aliyosema, moja tu lilihitaji jibu, lile la pesa. Tuliandika ada kwenye ubao mlangoni, ya mwezi, ya mtoto wa pili wa nyumba moja, na ya anayelipa kwa mchele, na chini yake tukaandika pesa hizo zinakwenda wapi. Ubao bado upo. Kuhusu uzito wa wachezaji, niliwaacha waendelee kucheza.

Lililoniumiza kichwa kuliko yote ni la kinyago. Kijana mmoja mtunzi, aliyekulia studio tangu akiwa mpiga ngoma, alitengeneza dansi juu ya wachimba dhahabu. Ilikuwa kazi yenye nguvu. Ndani yake aliweka kinyago cha Kilega, uso mweupe na ndevu ndefu za nyuzi, alichomchongesha fundi, na mchezaji alikivaa usoni akazunguka nacho kati ya wachimbaji. Siku ya mazoezi ya mwisho alikuwepo mzee mmoja kutoka Pangi, rafiki wa mjomba wangu, mtu wa bwami.

Kwa asiyejua: bwami ndicho chama cha Walega, chenye ngazi ambazo wanaume na wanawake huzipanda maisha yao yote, ya juu kabisa ikiwa kindi. Mafunzo yake ni methali zinazoimbwa na kuchezwa, na kila methali ina kitu chake cha kuonyeshwa, cha mti, cha pembe ya ndovu, cha ganda au cha mfupa. Wabelgiji walikipiga marufuku mwaka 1948. Sanamu zake zimetawanyika katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, na kitabu kinachojulikana zaidi juu yake, cha Mbelgiji Daniel Biebuyck, kilitoka mwaka 1973. Walega wenyewe wapo, na wazee wa bwami wapo.

Mzee yule alisubiri vijana waondoke. Kisha aliniambia mambo mawili, kwa sauti ya chini, akiangalia mlango. "Mwanangu, kwanza, kile hakivaliwi hivyo." Vinyago vidogo vya bwami hubebwa mkononi, hufungwa mkononi, hutundikwa kwenye ua wa miti, huburutwa kwa ndevu zake, kufunika uso si kazi yake kubwa. "Pili, nani aliwapa?"

Nilimweleza kijana yote mawili. La kwanza alilipokea palepale, hata alifurahi, kwa sababu kuburuta kinyago kwa ndevu ni picha nzuri kuliko kukivaa. La pili lilimkasirisha. Akanirushia jina ambalo kila mchezaji wa upande wetu wa mto analijua. "Mama, Faustin Linyekula ni mtoto wa Ubundu. Mbona yeye hakuna anayemwuliza?"

Alijua atanipata hapo. Ubundu ni pale mtumbwi unapoishia ukiteremka Lualaba kutoka Kindu, kama kilomita 300, kabla ya maporomoko. Linyekula alizaliwa huko mwaka 1974. Mwaka 1997 alikuwa Nairobi akianzisha kundi la dansi la Gàara pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen. Mwaka 2001 alianzisha Studios Kabako mjini Kinshasa, na mwaka 2006 akaihamishia Kisangani. Mwaka 2009 aliongoza tamthilia ya *Bérénice* ya Racine na waigizaji wa Comédie-Française, nyumba ambayo Wafaransa wenyewe huingia kwa kunyata. Kwa vijana wangu huyo ni ushahidi kwamba mto huu unaweza kumfikisha mtu popote.

Lakini kijana alikuwa amechagua mfano ambao ulikuwa upande wangu. Mwaka 2017 Linyekula alifanya *Banataba* kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, akianzia kwenye sanamu ya Walengola iliyokuwa stoo huko. Na kabla ya kucheza alichongesha sanamu nyingine, akasafiri nayo hadi kijiji cha ukoo wake. "Mbona hadithi hukuimalizia?" nilimwuliza. "Yeye alikwenda nyumbani kwanza."

Kijana akasema yeye si Mlega, hana nyumba ya kwenda Pangi. Nikamwambia basi hilo ndilo jibu la swali la mzee. Kinyago kiliondolewa, dansi ilibaki, na mahali pa kinyago tukaweka karai la kuoshea mchanga, ambalo mchezaji aliliburuta kwa kamba. Ilipendeza, watu walisimama. Kijana hakuja siku ya onyesho. Baadaye alihamia Kisangani, na hadi leo tunaandikiana salamu za sikukuu tu.

Wapo wanafunzi wanaosema niliogopa wazee, na kwamba mwanamke mwenye studio hana budi kuwaogopa. Wamesema hivyo mbele yangu, jambo ambalo lenyewe linanifurahisha. Mimi bado naona niliamua vizuri. Ufundi anaweza kuukosoa yeyote mwenye macho. Swali la "nani aliwapa" huulizwa na mwenye kitu peke yake, na akiuliza, kura haipigwi.

Jinsi ya kufanya watu waseme mbele yako huku bado unaheshimika, hilo nimelitafuta mbali na karibu. Kwenye semina moja nilifundishwa utaratibu wa Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani, alioanza kuutengeneza mwaka 1990. Watazamaji kwanza wanataja kilichowagusa. Kisha msanii anauliza maswali yake. Kisha watazamaji wanamwuliza yeye, maswali yasiyokuwa na hukumu ndani. Mwisho, mwenye maoni anaomba ruhusa kabla ya kuyatoa. Tuliujaribu. Hatua tatu za kwanza zilikaa vizuri. Ya nne ilivunjika siku ileile, kwa kuwa babu wa miaka sabini hawezi kumwomba mtoto wa miaka kumi na minne ruhusa ya kusema, na mtoto mwenyewe akiombwa ataona aibu hadi akimbie.

Kwa hiyo tuligeuza kitu kimoja tu: mpangilio wa kusema. Mdogo kuliko wote anaanza, mkubwa anamaliza, mimi nafunga. Mkubwa akitangulia, wote waliobaki watakuwa wakisema "kama alivyosema mzee". Watoto wanasema mambo ya ajabu wakipewa nafasi ya kwanza. Yupo aliyesema kwamba mfalme wetu anaonekana ana haraka ya kwenda chooni, na kweli ndivyo alivyokuwa akitembea.

Nilijipa moyo kwa mfano wa kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, mabingwa wa maigizo ya Kiswahili cha Kongo. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikaa nao walipokuwa wakitengeneza mchezo kutokana na methali juu ya mamlaka na kula, na kitabu chake, *Power and Performance*, kilitoka mwaka 1990. Hawakuwa na maandishi ya mchezo. Walikaa kwanza wakabishana methali ina maana gani, wakajaribu, wakarekebishana, wakajaribu tena. Ukikosoa pale hujaingilia kazi ya mtu yeyote, kwa sababu kazi bado haina mwenyewe. Nimeona kwetu pia: kabla mchezo haujapewa jina, kila mtu anasema; ukishaandikwa kwenye karatasi, midomo inafungwa. Siku hizi karatasi ninaichelewesha kadiri ninavyoweza.

Nina sheria moja ya kwangu mwenyewe ninapokosoa. Kasoro ya hatua naisema mbele ya wote, kwa sababu hatua ni ya wote. Kasoro ya mtu, kuchelewa, kiburi, harufu ya pombe ya lotoko, naisema nje, chini ya mwembe, tukiwa wawili. Walimu wangu wawili hawakubaliani nami. Wanasema aibu kidogo inanoa. Labda inanoa. Mimi nimeona inavyofukuza.

Mwaka huu, tulipoanza kupanga programu ya sikukuu ya uhuru, tarehe 30 Juni, msichana mmoja mpiga ngoma, ambaye kwa kawaida huongea na fimbo zake tu, alisema kwenye duara, "Mama Mwalimu, wewe unasema mwisho, ni kweli. Lakini programu unakuwa umekwisha kuiandika kwenye daftari." Watu wazima waliinamisha vichwa. Nilimwuliza amejuaje. Akasema daftari huwa wazi mezani, na yeye anajua kusoma.

Nikampa daftari, yeye na mwenzake mmoja kutoka Alunguli, wapange wenyewe. Waliniletea programu Jumamosi iliyopita. Ni ndefu, lakini inakwenda. Wimbo wa tatu sikuupenda: unarudia mno, na wapiga ngoma wanauvuta chini. Nilisubiri zamu yangu, nikawaambia hayo yote, na wapi nilichoka. Walinisikiliza vizuri sana, wakaandika. Kisha wakanishukuru, na wimbo wa tatu wakauacha palepale ulipokuwa.